Sir Frederick Jackson: Mwindaji wa Lamu aliyepima risasi kwa mnyama na kwa masafa

MIONGONI mwa Waingereza waliofika pwani ya Afrika Mashariki kabla ya ukoloni kusimama rasmi, ni wachache walioacha jina lao mahali pengi kama Sir Frederick John Jackson. Jina hilo limebebwa na kinyonga mwenye pembe tatu wa milima ya Kenya, na ndege mweusi mwenye mkia mrefu anayerukaruka katika nyasi za nyanda za juu, na pia na aina ya kongoni wa Uganda na magharibi mwa Kenya. Limo vilevile katika orodha ya magavana wa Uganda.

Hata hivyo, safari ya mtu huyo ilianzia Lamu. Huko ndiko alikoshuka mnamo mwaka wa 1884, akiwa kijana asiye na cheo chochote ila bunduki zake na hamu kubwa ya kuwinda. Na ni katika uwindaji ndipo alipotoa mchango ambao leo haukumbukwi na wengi: aliwaandikia wageni waliokuja baada yake ni bunduki na risasi zipi wachukue Afrika Mashariki, na kwa wanyama gani.

Swali hilo halikuwa la anasa. Aliyekosea kuchagua risasi aliweza kupoteza maisha yake au ya mbeba bunduki aliyesimama nyuma yake. Na pale mwindaji alipookoka, mnyama ndiye aliyelipa, kwa kwenda kufa vichakani baada ya siku nyingi za mateso.

Kutoka Yorkshire hadi Lamu

Jackson alizaliwa mwaka wa 1860 katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Tangu utotoni alipenda ndege na kuzurura mashambani kuliko vitabu.

Aliyemvuta hadi Lamu ni rafiki yake Jack Haggard, aliyekuwa naibu balozi mdogo wa Uingereza katika mji huo. Haggard huyo alikuwa ndugu wa mwandishi Rider Haggard, ambaye riwaya yake iitwayo Allan Quatermain, iliyotoka mwaka wa 1887, inawaanzisha mashujaa wake safari papo hapo Lamu. Hivyo mji huo mdogo wa mawe ukajulikana kwa wasomaji wa London kama mlango wa kuingilia nchi ya tembo.

Wakati huo Lamu ilikuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Pembe za ndovu zilikuwa zimepita katika bandari zake kwa karne nyingi, pamoja na boriti za mikoko na ngozi. Huko bara, Witu ilikuwa na sultani wake mwenyewe, Ahmed aliyeitwa Simba, ambaye mwaka wa 1885 aliingia chini ya ulinzi wa Ujerumani. Jackson aliingia katika mazingira hayo ya ushindani wa mataifa, lakini macho yake yalikuwa kwa wanyama.

Nchi mbili ndani ya moja

Mtu anayevuka kutoka visiwani hadi bara ya Lamu hukutana na nchi za namna mbili. Kwanza ni mikoko na vichaka vilivyofungamana, ambamo mtu haoni zaidi ya hatua 20 mbele yake. Kisha ni mbuga za nyasi zilizo wazi, ambako nyamera, ambaye watu wengine humwita topi, husimama juu ya kichuguu na kumwona adui akiwa mbali sana.

Katika vichaka waliishi ndovu, nyati na kifaru. Kando ya mito na maziwa walikuwako viboko. Mbugani walikuwako nyamera, kuro na swala wa aina kadhaa. Kwa hiyo mwindaji mmoja, kwa siku moja, aliweza kukutana na ndovu wa tani tano akiwa hatua 15 kutoka kwake, na jioni akamtafuta nyamera wa kilo 120 aliye umbali wa hatua 200. Hakuna bunduki ya miaka ile iliyoweza kuifanya kazi zote mbili vizuri.

Wenyeji walilijua jambo hilo zamani. Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, waliwinda katika misitu hiyo kwa upinde na mshale wenye sumu ya mti. Mshale huo haukuwa na nguvu ya kuvunja mfupa, bali ulitegemea sumu kuingia katika damu. Kwa sababu hiyo Mboni alilazimika kunyemelea hadi akawa hatua chache tu kutoka kwa mnyama, akizingatia upepo, nyayo na ukimya. Silaha yenyewe ndiyo iliyompangia umbali.

Namba, uzito na baruti

Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili: ni ile inayotoka mtutuni, na ni madini yenyewe, laini na mazito, ambayo kwayo ilitengenezwa. Katika miaka ya 1880 maana hizo mbili zilikuwa karibu kitu kimoja, kwani risasi nyingi za kuwindia zilikuwa madini hayo matupu, na zilisukumwa na baruti nyeusi.

Bunduki za kuwindia wanyama wakubwa zilipimwa kwa namba. Pauni moja ya risasi, yaani gramu 454, iligawanywa katika vidonge vya duara vilivyolingana. Kama kidonge kimoja kati ya vinane kiliingia barabara katika mtutu, bunduki hiyo iliitwa ya namba 8, na kidonge chake kilikuwa na uzito wa gramu 57 hivi. Bunduki ya namba 4 ilirusha kidonge cha gramu 113. Hivyo namba ilivyopungua, ndivyo tundu la mtutu lilivyokuwa kubwa.

Bunduki ya namba 8 ndiyo iliyoaminiwa zaidi dhidi ya ndovu na kifaru. Ilishindiliwa gramu 18 hivi za baruti, na risasi yake ilitoka kwa kasi ya mita 450 kwa sekunde. Ili isibonyee juu ya mfupa, madini yake yaliongezwa ukakamavu kwa kuchanganywa na bati, antimoni au zebaki. Kwa hatua 20 au 30 ilikuwa silaha ya kutisha.

Lakini nguvu hiyo ilikuwa na mpaka. Risasi nzito iendayo polepole huanguka upesi. Ile ya namba 8 inapofika mita 200 huwa imeshuka zaidi ya mita moja chini ya mstari wa mtutu. Anayemlenga nyamera kwa umbali huo, akikosea kukisia masafa kwa hatua 30 tu, humpiga miguu au kumkosa kabisa. Zaidi ya hayo bunduki ilikuwa nzito mno, ilimsukuma mpigaji kwa nguvu, na wingu la moshi mweupe lilitanda mbele yake. Ndovu aliyejeruhiwa aliweza kutokea ndani ya moshi huo kabla mwindaji hajajua ameelekea wapi.

Kwa wanyama wa mbugani kulikuwa na bunduki za namna nyingine, zilizoitwa Express. Mitutu yake ilikuwa na upana wa milimita 11 hadi 15, na risasi zake zilikuwa nyepesi, nyingi zikiwa na tundu kichwani, huku baruti ikiwa nyingi kwa kulinganisha na uzito wa risasi. Zilitoka kwa kasi ya mita 550 kwa sekunde au zaidi. Hadi hatua 150 mwindaji hakuhitaji kubadili sana shabaha yake, na lile tundu liliifanya risasi ifunguke mara inapogusa nyama na kumwangusha swala papo hapo.

Risasi hiyohiyo ikimpiga kifaru begani ilikuwa balaa. Ilifunguka juu ya ngozi na msuli kabla ya kuufikia moyo au mapafu, ikaacha jeraha pana lisilo na kina. Kifaru wa namna hiyo ama alimgeukia mwindaji kwa hasira, ama alikwenda zake kufa mbali. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ilikuwa hii: ngozi nene na mifupa mizito hutaka risasi ngumu na nzito, ipigwe karibu, ngozi nyembamba na masafa marefu hutaka risasi nyepesi yenye kasi, inayofunguka.

Mzigo wa mpagazi

Mwaka wa 1888 Jackson alijiunga na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Agosti 1889 aliondoka Mombasa akiongoza msafara mkubwa wa kwenda bara, na kufika Mumias kabla ya mwaka kwisha.

Katika msafara, suala la risasi lilikuwa pia suala la migongo ya watu. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Risasi moja ya namba 8, pamoja na ganda na baruti yake, ilizidi gramu 100. Mtu mmoja hakuweza basi kubeba hata risasi 300 za namna hiyo, hasa ukiongeza uzito wa sanduku na bati la kuzikinga na unyevu. Kila bunduki ya ziada yenye risasi zake tofauti ilimaanisha wapagazi zaidi, na kila mpagazi alihitaji chakula cha kila siku. Mwindaji aliyetaka bunduki sita kwa wanyama sita alijikuta akilisha kijiji kizima njiani.

Safari hiyo pia ilimwonyesha Jackson gharama ya mapenzi ya pembe. Mapema mwaka wa 1890 alielekea kaskazini, pande za Mlima Elgon, kutafuta pembe za ndovu. Akiwa huko, Mjerumani Carl Peters alifika Mumias, akafungua na kusoma barua zake, kisha akakimbilia Buganda na kufanya mkataba na Kabaka Mwanga. Jackson alipofika Mengo mwezi wa Aprili, alikuta mwenzake amemtangulia. Kilichoinusuru Uingereza ni mapatano ya Julai 1, 1890, ambayo Ujerumani na Uingereza ziliyafanya huko Ulaya bila ya kuwauliza wenyeji.

Mafunzo ya miaka hiyo yote Jackson aliyaandika katika kitabu kikubwa cha uwindaji kilichochapishwa London mwaka wa 1894 kwa majuzuu mawili. Katika juzuu la kwanza alipewa sura za Afrika Mashariki. Alianza na bunduki, mavazi na vifaa vya kambi, akaendelea na njia za misafara, wanyapara na wabeba bunduki, kisha namna ya kunyemelea, na mwishowe akamweleza mnyama mmoja mmoja: ndovu, nyati, simba, kifaru, kiboko na wengineo. Mpangilio huo wenyewe ulikuwa fundisho, kwani ulimtaka msomaji asitenganishe silaha na mnyama wala na mahali.

Baruti isiyo na moshi

Kitabu hicho kilitoka wakati mambo yakibadilika. Bunduki mpya ya jeshi la Uingereza ya inchi 0.303, yaani milimita 7.7, ilikuwa imeanza kutumia baruti isiyo na moshi. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 14 tu, imevishwa ganda la madini magumu, na ilitoka kwa kasi ya mita 600 kwa sekunde. Kwa mita 200 ilishuka karibu nusu tu ya ile ya namba 8. Risasi nzima pamoja na baruti na ganda lake haikufika gramu 30, kiasi kwamba mpagazi mmoja aliweza kubeba mamia na mamia.

Jackson mwenyewe alikuja kuijua risasi kwa upande wa pili. Oktoba 19, 1897, akiwa mtumishi wa serikali nchini Uganda, alikuwa katika mapigano dhidi ya askari wa Kisudani walioasi karibu na ngome ya Luba huko Busoga. Alipigwa risasi na kujeruhiwa vibaya. Alipona, akaendelea kupanda vyeo hadi kuwa naibu gavana wa himaya iliyokuja kuitwa Kenya.

Akiwa katika wadhifa huo, Aprili 21, 1909, alimpokea Mombasa mgeni mashuhuri kuliko wote waliowahi kuja kuwinda: Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuacha urais wa Marekani. Jackson alipanda naye treni, na wakakaa mbele ya garimoshi wakitazama wanyama wa nyika.

Shehena ya Roosevelt ilionyesha kwamba kanuni ya zamani haijafa. Alileta bunduki ya jeshi la Marekani ya inchi 0.30, yenye risasi nyepesi iliyochongoka, kwa wanyama wa mbugani walio mbali. Alileta Winchester ya inchi 0.405, yenye risasi ya gramu 19, ambayo aliipenda sana kwa simba. Na kwa ndovu na kifaru alileta bunduki ya mitutu miwili ya Kiingereza, Holland & Holland, iliyorusha risasi ngumu ya gramu 31. Baruti ilikuwa mpya na moshi umetoweka, lakini mgawanyo ulikuwa uleule: mnyama gani, na kwa umbali gani.

Wapo walioonekana kuivunja kanuni hiyo. Mskoti Walter Bell, aliyewinda Karamoja tangu mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu wengi kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Lakini risasi zake zilikuwa ngumu, zisizofunguka, naye alisogea karibu na aliujua ubongo wa ndovu ulipo kutoka kila upande. Waliomwiga bila elimu hiyo walijitafutia hatari na kuwatesa wanyama.

Sheria na walioachwa nje

Uhodari wa risasi mpya ulileta swali jingine. Kama mtu mmoja anaweza kuua kwa urahisi kutoka mbali, nani atamzuia? Roosevelt na mwanawe Kermit peke yao waliua wanyama 512 katika safari yao, ingawa wengi walipelekwa katika majumba ya makumbusho.

Mei 19, 1900, mataifa yenye makoloni yalikuwa yametia saini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, uliokataza, pamoja na mengine, biashara ya pembe za ndovu zisizofikia kilo 5. Mkataba haukuridhiwa na wote, lakini uliongoza sheria za makoloni. Katika himaya ambayo Jackson aliisaidia kuitawala, kuwinda kukawa ni kwa leseni. Mgeni alilipa pauni 50, fedha nyingi kwa siku hizo, na idadi ya wanyama aliyoruhusiwa iliandikwa.

Sheria hizo zilikuwa na faida, kwani bila ya mipaka ndovu wangemalizwa upesi zaidi. Lakini zilimweka Mboni wa bara ya Lamu mahali pagumu. Yeye, aliyewinda ili ale, na ambaye silaha yake haikumwezesha kuua kutoka mbali, hakuwa na pauni 50. Tajiri kutoka ng'ambo akawa mwindaji halali, na mwenyeji akawa jangili katika msitu wa babu zake. Hilo ni doa ambalo maisha ya watu kama Jackson hayawezi kusimuliwa bila ya kulitaja.

Kutoka bunduki hadi ndege

Mwaka wa 1911 Jackson aliteuliwa kuwa gavana wa Uganda, na mwaka wa 1913 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Alistaafu mwaka wa 1918. Tangu zamani alikuwa amekusanya maelfu ya ndege, na uzeeni kazi hiyo ndiyo iliyomshughulisha kuliko uwindaji wa wanyama wakubwa.

Alifariki Februari 3, 1929, huko Beaulieu-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Kumbukumbu zake za siku za mwanzo katika Afrika Mashariki zilichapishwa mwaka uliofuata. Kitabu chake kikubwa cha ndege wa Kenya na Uganda, kilichokamilishwa na mtaalamu mwingine, kilitoka mwaka wa 1938 kwa majuzuu matatu, na kwa miaka mingi kilikuwa tegemeo la wataalamu.

Katika bara ya Lamu, hifadhi za Boni na Dodori zilitangazwa mwaka wa 1976, na Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji nchini kote. Marufuku hayo yaliwafunga wenye leseni, na yakawafunga Waboni pia, ambao hadi leo wanadai sauti katika uangalizi wa misitu hiyo. Kwa waliobaki na silaha kisheria, yaani askari wa wanyamapori wanaolazimika kumkabili nyati au ndovu aliyevamia mashamba, kanuni aliyoiandika Jackson mwaka wa 1894 ingali na uzito wake: mtambue mnyama, pima masafa, na kama risasi uliyonayo haitamwangusha kwa mara moja, usipige.